Nyumba ya Magurudumu Ishirini na Mawili

Naandika maneno haya nikiwa Mbebe, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, nimeketi kibarazani kwa mama. Miguu yangu ingali imevimba kwa kukaa siku 3 kitandani. Msomaji asidhani kwamba nilikuwa mgonjwa. Kitanda hicho kilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa safarini.

Kaka yangu mkubwa ameendesha magari ya watu kwa miaka 14. Amepeleka mafuta Ndola, mbolea Lusaka, na akarudi na shaba kutoka Lubumbashi mara nyingi hata watoto wake walipokuwa wadogo walidhani kwamba baba ni mgeni anayekuja na zawadi. Mwaka huu alinunua gari lake mwenyewe. Ni Scania iliyokwisha kutumika huko Uingereza, pamoja na tela lake, magurudumu 22 ukiyahesabu yote. Chumba cha dereva kina vitanda 2, kimoja juu ya kingine. Chini mna jokofu dogo. Juu ya kioo cha mbele mna makabati. Na mapazia mazito huvutwa kuzunguka pande zote, ukawa umefunga nyumba yako. Madereva wenzake walipoliona walimpongeza wakisema, "Sasa umejenga."

Maneno hayo hayakuwa mzaha mtupu. Ili kulipata gari hilo, kaka na wifi yangu waliuza kiwanja chao cha Uyole, ambako matofali yalikuwa yamekwisha kupangwa. Na kiwanja hicho, kusema kweli, wifi ndiye aliyekinunua, kwa fedha za mchele anaouza Mbeya, debe baada ya debe, katika miaka ile ambayo mshahara wa kaka ulikuwa ukifika nusu, au usifike kabisa.

Safari ya kwanza ya kaka kama mwenye mali ilikuwa ya kupeleka salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi kwenye migodi ya shaba ya Kongo. Wifi akasema naye atakwenda, angalau mpaka Tunduma. Kaka akajibu kwamba gari la mizigo si mahali pa mwanamke. "Hiyo ndiyo nyumba niliyoiuzia kiwanja," wifi akasema, "nami nitailala japo usiku mmoja." Kisha akaniomba mimi, niliyekuwa likizoni, nifuatane nao. Sababu aliyonipa ilikuwa fupi: pawe na shahidi. Utingo, kijana mstahimilivu, akapewa nauli ya basi ili atungojee Tunduma.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Kaka alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa dereva wa lori. Kila alipokutana na lori la mtu anayemfahamu alipiga honi, nao wakamjibu kwa honi na taa, hata ikawa mpaka Chalinze masikio yangu yanavuma. Pale kwenye mizani ya Vigwaza aliteremka mwenyewe kwenda kutazama namba, ingawa namba hizo huonekana vizuri ukiwa umekaa. Dereva aliyeajiriwa akizidisha uzito, faini ni ya tajiri. Sasa tajiri alikuwa yeye.

Wifi alikaa kiti cha kushoto, mimi kitandani nyuma yao. Hakuwa mtu wa kusifu. Alifungua kila kabati akatazama ndani. Akapanga sukari, chumvi, majani ya chai na kitunguu mahali alipoona panafaa. Akaondoa kalenda ya zamani ya Kiingereza iliyobandikwa na mwenye gari wa kwanza. Tulipokuwa tukipita katika Hifadhi ya Mikumi, ambako kaka alikwenda polepole kwa kuogopa kugonga mnyama na kulipishwa, wifi akawa anapima kitanda cha chini kwa shubiri. "Hiki ni cha mtu mmoja na nusu," akatangaza. Kaka akatazama barabara kwa makini sana.

Usiku wa kwanza tulilala Ruaha Mbuyuni, mahali pa mibuyu na vitunguu, kabla ya kupanda Kitonga. Wifi alikoroga ugali kwenye jiko la gesi kando ya tairi la mbele, tukala tukiwa tumekalia ndoo. Wanawake tukalala kitanda cha chini, kaka akapanda juu. Lakini mwenye nyumba mpya hakulala. Aliteremka kutazama turubai. Akateremka kugonga matairi kwa nyundo. Akateremka kusikiliza kama kuna mtu anayenyonya mafuta kwenye tangi. Na mara ya nne sikujua ameteremka kwa sababu gani, nadhani hata yeye hakujua. Kila aliposhuka alimkanyaga wifi mguu. Asubuhi wifi alimwuliza kama alipokuwa akiendesha gari la watu alikuwa akishuka hivyo. Akasema la, alikuwa akilala fofofo.

Wakati lori likipanda Kitonga kwa gia ndogo, injini ikilia kama mtu anayebeba maiti, kaka alituhadithia habari za baba yetu, marehemu. Baba alikuwa utingo kijana katika njia hii wakati haijawekwa lami. Baada ya Ian Smith na wenzake kujitangazia uhuru wao huko Rhodesia, tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta, na mafuta ikabidi yapelekwe kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, juu ya malori, katika barabara ya udongo ambayo wakati wa masika iliyameza magari. Wageni waliiita njia ya jehanamu. Baba alilala chini ya lori, katikati ya magurudumu, na gunia ndilo lililokuwa shuka lake. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. "Baba angekiona kitanda hiki," kaka akasema, sauti ikamkatika, akajifanya kukohoa.

Usiku wa pili ulitukuta Makambako, penye baridi kali. Mapazia yakavutwa, na humo ndani mkawa na joto la kupendeza. Hapo ndipo wifi aliponiuliza kwa kunong'ona, "Wifi, wewe unayeandika magazetini. Kadi ya gari hili ina jina la kaka yako peke yake. Sheria inasemaje?"

Nilimweleza niliyoyajua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa, ikiandikwa jina la mmoja, itadhaniwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikamweleza pia habari za Bi Hawa Mohamed, aliyeshitakiana na mumewe Ally Sefu, na jinsi Mahakama ya Rufani ilivyotamka mwaka 1983 kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya wanandoa.

"Na yeye mwenyewe akapata nini?"

Nikalazimika kusema kwamba rufaa yake haikufaulu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe, akazitumia ovyo.

Wifi alinyamaza kitambo. "Basi amewashindia wenzake," akasema, "yeye akashindwa." Kitanda cha juu kikalia kidogo. Tangu hapo nikajua kwamba kaka alikuwa macho, na usiku ule hakuteremka kutazama turubai hata mara moja.

Siku ya tatu, tulipokaribia Uyole, hapana aliyesema neno. Kiwanja kinaonekana ukiwa barabarani. Mnunuzi amekwisha kuinua kuta hadi kwenye usawa wa madirisha, na wanawake wawili walikuwa wakibeba maji ya kumwagilia saruji. Kaka hakupiga honi. Wifi aligeuza uso, akalitazama jengo lile mpaka likapotea nyuma ya tela, kisha akanyoosha pazia lililokuwa limekunjika.

Tunduma tulifika mchana, tukaingia kwenye foleni. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 ili kupunguza usumbufu huu, na wenye magari madogo wanakisifu. Malori lakini ni mengi kuliko barabara. Mwezi Mei mwaka 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka huu, na kaka alikwama ng'ambo akiishi ndani ya gari la tajiri wake. Madereva hufua, hupika, hunyolewa na hugombana palepale walipo. Na wapo akina dada wanaojua siku ambayo kila lori limefika. Kwa kuwa ukurasa huu husomwa na familia nzima nitaishia hapo, ila nitasema kwamba wifi aliwaona, nao wakamwona, na kwamba alitandika kitanda cha chini kwa shuka yake mwenyewe yenye maua makubwa, mapazia yakiwa wazi.

Jioni ile tuliona gari la aina nyingine. Wazungu wawili wazee, mume na mke kutoka Ujerumani, walikuwa wakitoka kusini kuelekea kaskazini, nao walisimama kununua maji. Gari lao lilikuwa nyumba kamili: jiko la plati 2, bafu, meza ya kukunja, kitanda kipana cha kutosha watu wawili bila nusu. Yule mama alipoona tunachungulia alitukaribisha ndani, tukavua viatu. Alisema hiyo ndiyo safari yao ndefu ya kwanza. Walipostaafu waliuza nyumba yao ili kulinunua. Nilipomfasiria wifi, alishika mdomo. Kisha akataka nimwulize mwenyeji wetu kadi ya gari hilo ina jina la nani. Yule mama akacheka, akavuta uzi uliokuwa shingoni mwake, akatuonyesha ufunguo. Mpaka leo sijui kama alilielewa swali letu, au alilielewa kuliko sisi.

Asubuhi iliyofuata, foleni ikiwa haijasogea, mimi na wifi tulipanda gari dogo hadi Mpemba, tukashika njia ya Isongole, ambayo imewekwa lami miaka ya karibuni, tukaja hapa Mbebe kumchukua mama. Lori lenye mzigo wa nje haliruhusiwi kuacha njia yake, kwa hiyo ilibidi mama ndiye alifuate. Alibeba unga, maharage na chungu. Hakukubali kuingia nyumba ya mwanawe mikono mitupu.

Mama ni mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa msichana. Baadaye akajiunga na darasa la jioni, na tangu hapo husoma kwa sauti kila maandishi yanayompitia mbele ya macho, yakiwemo ya kwenye pakiti za chumvi. Alipofika kwenye lori hakutazama magurudumu wala vioo. Alisimama mbele ya mlango wa kushoto, ambako kwa desturi ya malori yetu huandikwa jina la mwenye gari na sanduku lake la posta, akasoma herufi kwa herufi, madereva wa foleni nzima wakisikia. Alisoma jina la kaka. Alisoma sanduku la posta. Alisoma Mbeya. Kisha akazunguka hadi mlango wa kulia, akayasoma yale yale, akarudi.

"Mwanangu," akasema, "mwenzako amekaa wapi?"

Kaka akasema, "Mama, alikaa kiti cha kushoto."

"Sikuulizi kiti. Nimesoma milango yote miwili."

Wifi alikuwa ameinamia jiko akipuliza moto, na jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Mchana wake kaka alitoweka, akarudi akifuatana na fundi wa kuandika vibao, mwenye kopo la rangi nyeupe na burashi 2. Alieleza, bila kumtazama mtu, kwamba kadi itabadilishwa atakaporudi, kwa kuwa mambo ya kadi yana ofisi zake, lakini milango haina ofisi. Fundi alianza na mlango wa kushoto. Alipiga mistari kwa penseli, akaandika NA chini ya jina la kaka, akaingia kwenye jina la wifi, ambalo ni refu. Alikuwa amemaliza herufi ya tatu foleni ilipoamka. Honi zililia kutoka nyuma kama baragumu la kiyama. Utingo akarukia ndani, mama akateremshwa mbiombio na chungu chake, kaka akawasha gari. Na nyumba ile ikaondoka kwenda Zambia, mlango wa kulia ukiwa na mtu mmoja na wa kushoto una mtu mmoja na herufi tatu.

Wifi hana hati ya kusafiria, akabaki amesimama kando ya barabara na shuka yake ya maua mkononi. Baadaye kidogo alimlipa fundi fedha zake zote, na za kazi ambayo haijafanyika. Kisha akamwomba lile kopo na burashi moja ndogo. Fundi alisita, akaongezewa kidogo, akatoa. Wifi akalifunga kopo kwa mfuko wa nailoni, akalitia ndani ya kikapu chini ya unga wa mama, akapanda basi kurudi Mbeya kwenye mchele wake.

Jana usiku kaka alinipigia simu akiwa Mpika. Barabara si mbaya, mzigo u salama, amelala vizuri. Aliniuliza kama rangi ya mafuta inaweza kufutika kwa mvua. Nikamwambia amwulize mkewe, ndiye mwenye kopo.