Sura Tatu, Folda Moja

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, lakini ina sura tatu. GNOME ilikuja na Ubuntu yenyewe. KDE Plasma na Xfce niliziongeza kwa bando la usiku. Kuhama ni rahisi: unatoka, unachagua sura pale pa kuweka paswadi, unaingia tena. Faili zako unazikuta vilevile. Kero ni menyu kujaa mapacha, Thunar na Dolphin, zote kazi yao kufungua mafolda.

KDE ilianza 1996, GNOME 1997, na mashabiki wanabishana mpaka leo. Mimi sina chama. Hapa Marani mvua ya alasiri ikishuka na stima ikapotea, naingia Xfce. Haina maringo, haimalizi RAM, namaliza makala ya mteja kabla betri haijakata.

Tangu niache chuo, mama huniuliza nafanya kazi gani hasa. Jumapili nilimwashia Plasma, ile inayong'aa.

“Ni maridadi,” akasema. “Na pesa iko wapi, baba?”

Nikamfungulia folda ya malipo. Akaenda kuchukua miwani.