Mgeni Mwenye Kalamu Mwaloni Kirumba

Ukisikia kijana anakwenda nchi za nje kusomea uandishi wa habari, bila shaka mawazo yako hukimbilia London au Berlin. Ni nadra kukumbuka kwamba Mwanza nayo ni ugenini kwa mtu. Pale Nyegezi, kando ya ziwa, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 1960 kikiwa chuo cha mafunzo ya jamii na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998. Uandishi wa habari unafundishwa hapo, na wako vijana wanaovuka mpaka kuja kuusomea.

Mmoja wao ni binti wa Kisumu. Ziwa ni lile lile alilozaliwa kando yake, lakini huku yeye ni mgeni. Alikuwa amepewa zoezi la kuandika makala ya safari juu ya Mwanza, akaniomba niitazame kabla hajaikabidhi. Lugha ilikuwa safi. Jiwe la Bismarck limo, mawe yaliyopandana vilimani yamo, na mbalamwezi juu ya maji imesifiwa aya nzima. Watu hawamo. Nilipomuuliza kama alizungumza na yeyote, alijibu kwamba aliona haya, maana Kiswahili chake si cha huku. Sikumcheka. Nami nilipokuwa nasomea stashahada niliwahi kuandika habari ya kivuko ambacho sikukipanda.

Wala ugonjwa huo haukuanza na wanafunzi. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alifika hapa, akakaa siku chache, akalipa ziwa jina la malkia wake, hali wenyeji walikwisha kuliita Nyanza. Mwaka 1875 akaja Stanley, ametumwa na magazeti mawili, New York Herald na Daily Telegraph. Alianzia Kageye, ambayo leo imo wilayani Magu, akalizunguka ziwa kwa mashua. Mwaka huo huo aliwashambulia watu wa kisiwa cha Bumbire akawaua wengi, na habari hiyo akaiandika mwenyewe. Watu wa Bumbire hawakuwa na gazeti.

Basi asubuhi moja tulikwenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki, mahali ambapo magunia ya dagaa hupangwa hata njia ikakosekana. Binti alimwamkia mama mmoja muuzaji, akaitikiwa marahaba, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kwa woga alianza kumsomea ile aya ya mbalamwezi. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, huo mwezi unaousifu ndio njaa yetu."

Akamweleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa karabai, na siku hizi kwa taa za umeme wa jua. Huufuata mwanga wa taa wakakusanyika. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, dagaa hutawanyika, mitumbwi hulala nchi kavu. Siku hizo bei hupanda, na mwenye mtoto anayedaiwa ada ya shule huanza kukopa. Mvua nayo ikinyesha juu ya dagaa walioanikwa, mali huoza. Binti aliandika mpaka karatasi zikamwishia, nikampa zangu.

Tulipoaga, mama akamuuliza, "Igoma umefika?"

Hakuwa amefika. Huko ndiko walikozikwa wengi wa abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza ikitokea Bukoba, imejaza watu kupita kiasi. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Mama hakusema ni nani wake aliyelala pale, nasi hatukumuuliza.

Tulipanda daladala ya Igoma. Makala ilitakiwa chuoni siku ile ile kabla ya saa kumi jioni, na saa sita ilikwisha kupita. Nilimkumbusha. Alitazama nje dirishani, akaniambia atakwenda kuomba siku mbili zaidi.