Mkuu wa Shule Kahamishwa, Ahadi Zetu Anabaki Nazo Nani?

Muhula umefungwa, ripoti zimegawiwa, masanduku ya bati yamerudi nyumbani yakiwa yamejaa nguo chafu. Leo sileti habari za wasanii. Naleta habari ya shule moja ya kanisa, sekondari ya kutwa na bweni, iliyo kati ya Kahama na Geita. Jina kapuni. Wahusika nao kapuni, maana hapa hakuna aliyeiba wala aliyefumaniwa, na sitaki mtu apakwe matope kwa ajili ya maandishi yangu.

Habari yenyewe ni fupi. Siku ya kufunga shule, mkuu wa shule katangazwa kuhamishwa. Mama huyo kakaa pale miaka tisa. Tangazo lilikuja mwishoni kabisa, baada ya kwaya, baada ya zawadi za madaftari kwa waliofanya vizuri, watu wameshaanza kunyanyuka kwenda kufunga mizigo. Mzee mmoja wa kanisa, ndiye anayesimamia shule zao, kasimama, kashukuru wazazi, kisha kasema kanisa limefanya "mabadiliko madogo ya uongozi". Jamani, ukisikia neno "madogo" kwenye tangazo la kanisa, shika kiti chako vizuri.

Kufika chini ya mwembe, habari ilishakuwa na matoleo matatu. Toleo la kwanza: kala hela za bweni. La pili: kagombana na mwenyekiti wa bodi. La tatu: anapandishwa cheo, anaenda kuongoza shule kubwa zaidi. Nimeulizia kote na sijakutana na mtu mwenye ushahidi wa hayo mawili ya mwanzo. Na kwa kweli uhamisho kwenye shule za kanisa ni jambo la kawaida. Mwenye shule ni kanisa. Anayemhamisha mchungaji au padri ndiye huyo huyo anayempanga mkuu wa shule. Masista wenyewe wanapokea barua ya shirika lao na wiki mbili baadaye wako mkoa mwingine. Hakuna kura ya wazazi, na sidhani kama inapaswa kuwepo.

Kwa hiyo umbea tuuweke pembeni. Kilichonifanya nikae macho usiku ule ni kitu kingine kabisa. Mama yule anaondoka na kitu ambacho hakimo kwenye kabati lolote la ofisi. Anaondoka na makubaliano yetu.

Ngoja nieleze kwa wale mnaosoma mkiwa mbali na huku. Ukanda huu, kuanzia Shinyanga kwenda Kahama, Kakola, Katoro mpaka Geita mjini, pesa haiji mwisho wa mwezi. Mzazi mmoja analima pamba. Pamba inanunuliwa katikati ya mwaka, wakati Januari shule zikifunguliwa ndiyo kwanza yuko shambani na jembe, hana kitu mfukoni. Mwingine yuko Nyarugusu au Rwamgasa kwenye duara. Huyo hana tarehe. Wanachimba wiki kadhaa, wanatoa mifuko ya mawe, mifuko inagawanywa: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji. Mawe yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa kwenye mwalo. Inaweza kutoka dhahabu ya kulipa ada ya mwaka mzima, na inaweza kutoka ya kununulia vocha. Huyu mtu ukimwuliza, "Baba, ada utaleta lini?" akakutajia tarehe, ujue anakufurahisha tu.

Na msidhani mwenye mshahara ndiye aliyesalimika. Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, ndani ya miezi michache mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na watu wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi, karibu kabisa na Kahama mjini, ukafungwa. Waliokuwa wakilipa ada kwa mkupuo mmoja kwenye akaunti ya shule, wakaanza kuja ofisini na kofia mkononi. Mtu wa mgodi mkubwa akajikuta amekaa benchi moja na mtu wa duara.

Basi huyu mama alikuwa na utaratibu wake. Akikuita ofisini hakuulizi una shilingi ngapi. Anauliza unafanya kazi gani, na pesa inakuja kwa njia gani. Kisha mnapanga. Wa pamba atalipa baada ya kuuza pamba, mtoto aendelee kusoma. Wa duara atalipa mzigo ukitoka, na akipata asipitie Katoro kwanza. Mwenye mpunga ataleta magunia jikoni na mhasibu atayahesabu kwenye ada. Kuna mzee aliwahi kuleta ng'ombe, akapewa risiti yake kama kawaida, na watoto wakala nyama.

Mimi ni mmoja wao. Namlea binti wa marehemu dada yangu. Baba yake yupo, yuko machimboni, ni mtu mwema, ila simu yake ina wiki za kupatikana na wiki za kutopatikana. Binti kamaliza kidato cha tatu na Januari anaingia cha nne. Deni letu ni laki tatu na themanini. Makubaliano na Mama Mkuu yalikuwa nilipe laki moja kila muhula kutoka kwenye kibanda changu, na inayobaki baba yake aimalize akipata. Hatukuandikiana. Tuliongea, akasali, tukashikana mikono. Kwetu sisi hayo yalikuwa maandishi tosha.

Sasa mtu atasema, "Si umpeleke shule ya serikali, elimu bila ada ipo tangu Januari 2016?" Ipo, na imesaidia wengi, nyumbani kwetu wapo wawili wanaosoma huko. Lakini mtoto anayeingia kidato cha nne siyo mzigo wa kuhamisha kutoka gari hili kwenda lile. Usajili wa mtihani wa taifa unafanyika mapema ndani ya mwaka, na jina linakwenda kwa kituo. Akikaa nyumbani Januari na Februari kusubiri watu wazima waelewane, anaweza kukuta usajili umempita.

Na kwa mtoto wa kike wa huku kwetu, kukaa nyumbani miezi miwili kuna maana nyingine ambayo wote tunaijua na hatupendi kuitaja. Nyumba yenye binti wa miaka kumi na saba asiye na sare inaanza kupata wageni. Wageni wanakuja na salamu ndefu, wanasifia mtoto alivyokua, wanaulizia malisho. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe wazazi wakiridhia. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Shemeji zangu hawasomi sheria, lakini hiyo ya miaka 30 wameisikia na wanaiogopa.

Angalia neno lenyewe: mwanafunzi. Jina la binti likiwa kwenye rejista ya shule, mjomba mwenye tamaa ya ng'ombe anafikiri mara mbili. Likitoka, hata kama limetoka kwa ajili ya laki tatu na themanini, hofu ya mjomba inapungua. Kwa hiyo ile rejista ya pale ofisini, kwa huku kwetu, ni ukuta. Na aliyekuwa akiamua nani abaki ndani ya ukuta huku deni lake likisubiri alikuwa mama mmoja, kwa kichwa chake mwenyewe.

Turudi kwenye siku yenyewe. Mkuu mpya alikuwepo. Kijana wa makamo, mpole, suti ya bluu, anatoka shule nyingine ya kanisa hilohilo. Akatambulishwa, akasema anaamini katika "nidhamu ya masomo na nidhamu ya fedha". Watu wakapiga makofi, ila nidhamu ya fedha ilipigiwa makofi ya kujikaza. Yakafuata makabidhiano mbele yetu: funguo, muhuri, hati za shule, vitabu vya hesabu, orodha ya madawati na vitanda. Kila kitu kikasomwa, wakatia saini, wakapiga picha.

Ndipo bibi mmoja akanyanyua mkono. Bibi wa makamo ya mama yangu, khanga mbili, kandambili, kaja kumfuata mjukuu. Wakataka kumpita, yeye akasimama tu. Akasema, "Mayu huyu tulikuwa na maneno naye. Funguo mmempa huyu baba, muhuri mmempa. Na maneno yetu mmemkabidhi nani?"

Pakawa kimya. Hata watoto wakanyamaza. Mama Mkuu akainama, nikaona anafuta macho kwa kitambaa. Akasema mengine kayaandika kwenye kaunta buku lake, mengine yako kichwani tu, na kwamba kwa kuwa uhamisho ulikuja haraka hakupata nafasi ya kuyapanga. Mwenyekiti wa bodi akanong'onezana na mchungaji. Kisha wakatangaza: mwenye makubaliano yoyote aje ofisini sasa hivi, wakuu wote wawili watakaa meza moja na mhasibu, wataandika.

Ndugu zangu, ule mstari! Ulitoka mlango wa ofisi ukazunguka mpaka kwenye matanki ya maji. Nilidhani tuko wachache, kumbe nusu ya wazazi waliokuwepo walikuwa na "maneno". Alikuwepo baba mwenye gari zuri, nikamwangalia, akaangalia pembeni. Zamu yangu ilipofika, Mama Mkuu hakuhitaji kufungua buku. Kataja jina la binti, kataja deni, kataja laki moja kwa muhula, kataja mpaka machimbo aliko baba yake. Mkuu mpya akaandika. Akaniuliza swali moja tu: "Na baba asipopata mwaka mzima?" Nikamwambia nitauza cherehani. Akaniangalia, akaandika na hilo. Tukatia saini watatu, nikapewa nakala. Iko hapa mezani ninavyoandika.

Simlaumu kijana yule kwa kuongelea nidhamu ya fedha. Walimu wake wanataka mshahara, na shule isiyolipwa inafungwa, watoto wote wanakosa. Huruma ya mtu mmoja isiyoandikwa ina ubaya wake pia: haijulikani nani kapewa na nani kanyimwa, na siku mtu huyo akihamishwa inakwenda naye kwenye basi. Nadhani kanisa linaweza kulitatua hili bila kuongeza hata senti. Kwenye orodha ile ya makabidhiano, chini ya vitanda na madawati, kiongezwe kipengele kimoja: makubaliano ya ada na wazazi, jina kwa jina, yamesomwa na pande mbili. Na uhamisho utangazwe mapema, siyo dakika za mwisho watu wakiwa wamebeba masanduku.

Kinachoniuma ni wale ambao hawakuwepo kwenye ule mstari. Watoto wengi siku ile walichukuliwa na kaka, jirani au dereva wa bodaboda, kwa sababu mzazi yuko shimoni au shambani. Hao makubaliano yao yako kwenye kichwa cha mama ambaye Jumatatu alipanda basi. Shule ikifunguliwa, mtoto atasimama getini na sanduku lake, atasema "Mama Mkuu alikubali", na atakayemsikiliza hamjui yeye wala baba yake.

Basi kama una ndugu yuko duarani Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa au popote pale, na mtoto wake anasoma shule ya kanisa, mpigie leo. Usipompata, mtumie ujumbe kwa mtu wa karasha, wao wanajua kila mtu alipo. Mwambie ashuke kabla ya Januari, aende ofisini na majina ya watoto wake, aseme alichokubaliana, kiandikwe, apewe nakala. Na wewe unayesoma ambaye kwenu mkuu kabadilishwa muhula huu, maneno yenu mlimkabidhi nani?