Samaki wa Siku ya Wapendanao

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa, lakini niliumbuka. Tena nilichokificha hakikuwa maradhi yenyewe, kwani maradhi yangu mume wangu aliyajua vizuri. Nilichomficha ni kwamba samaki aliyeletwa mezani kwetu usiku wa Siku ya Wapendanao, mwaka 2017, hakunifaa hata kidogo. Nami nilimwona, nikamtambua, kisha nikamla.

Ili msomaji anielewe, sina budi kuanza mbali kidogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Mume wangu alipoanza kunichumbia, mwaka 1999, mambo ya tarehe 14 Februari yalikuwa bado mageni kwa wengi wetu. Tuliyasikia redioni, tukawaona vijana wachache waliovaa nyekundu, na wazee wakiguna kwamba huo ni uzungu. Yeye hakuwa na fedha za maua. Alikwenda kwa mwoka mikate, akanunua keki moja ndogo, akaifunga katika karatasi ya kaki na kuniletea kwa baiskeli. Ilifika imebonyea upande mmoja. Tuliila tumekaa juu ya ukuta wa baharini, na tangu siku hiyo keki ikawa ndiyo desturi yetu. Tulioana, tukazaa, tukahama nyumba mara tatu, lakini kila mwaka tarehe hiyo keki ilikuja.

Wakati huo huo afya yangu ilikuwa ikididimia. Tumbo lilijaa, nikaharisha wiki nzima, nikapata nafuu, kisha likarudi. Nilitibiwa minyoo. Nilitibiwa amiba. Nilitibiwa vidonda vya tumbo. Nilinywa vidonge vya kuongeza damu miaka nenda miaka rudi, na damu haikuongezeka. Wapo walionishauri nitafute nani amenifanyia ubaya, na siwalaumu sana, maana mtu anayekonda bila sababu hutafutiwa sababu.

Mwaka 2016 nilipelekwa hospitali moja ya Dar es Salaam. Daktari niliyemkuta alikuwa mzee mpole, na alinishangaza kwa kuniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: nakula nini, kuanzia asubuhi hadi usiku. Nikamweleza: chai na chapati, au chai na mkate, mchana wali au ugali, jioni maandazi na watoto. Akaniambia nisiache kula ngano mpaka vipimo vimalizike, kwa kuwa anayeiacha mapema vipimo vinaweza kumdanganya. Nikatolewa damu, kisha nikamezeshwa mpira mwembamba wenye kamera, kikachukuliwa kipande kidogo sana cha utumbo mwembamba. Majibu yalipokuja, nilikuwa na ugonjwa uitwao siliaki.

Alinifafanulia kwa lugha nyepesi. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mtu kama mimi, kinga ya mwili huiona kama adui. Na katika vita hivyo utumbo wenyewe ndio unaoumia. Vile vijinyoya vidogo vinavyofyonza chakula hulala, na mtu akala akashiba huku mwili una njaa. Ndiyo maana damu yangu haikuongezeka. Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na chembe kidogo inaweza kudhuru. Wala kuipika sana hakuiondoi.

Akanisimulia pia habari za daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye hata kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa ameanza kuishuku ngano. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 nchi yake ilikumbwa na njaa kali, mkate ukaadimika. Watoto wake wenye ugonjwa huu, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu; na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu juu ya jambo hilo. Nililiwaza sana ndani ya basi la kurudi Tanga: mkate ambao taifa zima liliulilia ndio uliokuwa ukiwaua wale watoto.

Nilidhani ningepata taabu ya chakula. La hasha. Mtu wa Pwani akinyimwa ngano hafi njaa. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, viazi, maharage, samaki, nazi, vyote ni halali kwangu, mradi visichanganywe na kitu. Taabu ilitokea mahali nisipopategemea. Kwetu sisi ngano si chakula cha njaa. Ni chakula cha heshima. Mgeni hupikiwa chapati. Sikukuu ni sambusa na maandazi. Harusi haikamiliki bila keki, na bibi harusi humlisha bwana harusi mbele ya watu. Siku za kawaida nilikuwa salama. Siku za furaha ndizo zilizokuwa za hatari. Mama mkwe wangu, nilipoikataa chapati yake mara ya kwanza, hakusema neno, ila aliifunika sahani kwa namna iliyoniambia yote.

Hivyo ndivyo tulivyoifikia ile Februari ya 2017. Mume wangu alikuwa ameshaelewa kwamba keki haiji tena. Kwa siri akaweka akiba, akaniambia nivae vizuri, akanipeleka katika hoteli moja inayotazama bahari. Meza ilikuwa na mshumaa na ua la waridi ndani ya chupa. Nilijua mshahara wake, na nilijua chakula kile kimeukata kiasi gani.

Nilijitahidi kuwa mwangalifu. Nilimwita mhudumu, nikamwambia sitaki kitu chenye unga. Kijana akacheka kwa adabu: "Hakuna unga, mama. Ni wali tu na samaki." Nami nikaridhika. Sikukumbuka kwamba kwa Mtanzania ukisema "unga" bila kuongeza neno, umetaja ugali. Mimi niliuliza habari za ngano. Yeye alinijibu habari za sima. Hakunidanganya, tulipishana tu katika Kiswahili chetu wenyewe.

Samaki akaja. Alikuwa changu mzima, amekaangwa, na juu yake palikuwa na ganda jembamba la rangi ya dhahabu. Mpishi yeyote wa nyumbani angelitambua ganda hilo. Samaki huyo alikuwa amegaragazwa katika unga wa ngano kabla ya kuingia kwenye mafuta, ili asigandie kikaango. Nikainua macho. Mume wangu alikuwa akinitazama kama alivyonitazama siku ile ya baiskeli, akingoja nionje.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: "Ana ngano." Sikuyasema. Niliona haya kumwita tena mhudumu, niliona haya kwa ajili ya fedha, na zaidi ya yote niliona haya kuuzima ule uso. Nikajiambia kidogo hakiui. Nikala, tena nikasifu.

Usiku wa manane nilikuwa chooni, na alfajiri nilikuwa bado huko. Siku tatu sikuingia darasani. Siku ya pili, aliponiletea uji wa mchele, aliniuliza polepole, "Mwalimu, ni kitu gani kilichokudhuru?" Nikamwambia: samaki. Akashangaa. "Ulijua saa ngapi?" Nikanyamaza. Akauliza tena, na safari hii nikamjibu kwamba nilijua kabla sijaonja.

Nilitarajia anionee huruma. Badala yake aliondoka akakaa barazani muda mrefu. Aliporudi alisema maneno ambayo sijayasahau: "Kwa hiyo nilikulisha sumu kwa mkono wangu, na wewe ukanitazama ukacheka. Umenifanya mimi kuwa nani?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Miaka yote nilifundishwa, kama walivyofundishwa wengi wetu, kwamba mke mwema hamwaibishi mumewe na mgeni mwema hakatai chakula. Nikadhani kunyamaza kwangu ni zawadi kwake. Kumbe nilikuwa nimemnyima haki ya kunilinda. Mtu anayekupenda akikosea kwa kutojua, ukimficha, humsitiri. Humwachi ajue, basi atakosea tena. Upendo aliokuwa akiutoa mezani pale haukunifikia mimi, uliishia kwa mwanamke niliyekuwa nikimwigiza.

Mwaka uliofuata aliniambia hatutoki. Wiki moja kabla, alinunua kikaango kipya, mwiko mpya na chungio jipya, akaviweka juu ya kabati, akawaonya watoto kwamba yeyote atakayegusia chapati humo ataona. Nilimwambia kikaango cha zamani kikisuguliwa vizuri kinatosha, lakini mwiko wa mti uliokwisha kusonga unga wa ngano kweli ni bora uwekwe kando, kwa kuwa mti huficha chembe. Akajibu kwamba hapendi kubahatisha.

Akataka kunipikia vitumbua. Kitumbua halisi ni mchele, tui la nazi, sukari, hiliki na hamira, hakina ngano. Ila wauzaji wengine huongeza unga wa ngano ili kishikane, na mashine ya kusaga nafaka inaweza kuwa imetoka kusaga ngano ya mtu mwingine dakika ile ile. Kwa hiyo alinunua mchele, akauchambua, akauloweka usiku kucha, akausaga katika blenda yetu baada ya kuiosha mara mbili. Vile vya kwanza viligandia. Vya pili viliungua. Vya tatu vilitoka, vingine vya duara, vingine vya umbo nisiloweza kulitaja. Kulikuwa na pweza wa nazi, wali, na kashata za karanga zisizotiwa unga. Chokoleti aliyoinunua alinisomea maandishi ya nyuma ya karatasi herufi kwa herufi, kwa sababu nyingine hutiwa biskuti au kimea cha shayiri. Bia hakuleta, kwani nayo asili yake ni shayiri.

Kabla hatujakaa, aliniomba radhi kidogo, akaenda nyuma. Nikasikia anasukutua kinywa na kupiga mswaki. Aliporudi nikamuuliza kulikoni. Akasema kwamba mchana alipita kwa mama yake, na mama alikuwa amepika chapati. "Sikutaka kukusalimia na makombo," akasema.

Wasomaji wengine watacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka maua yote niliyoyaona katika kadi, na nyimbo zote za redioni, na sikukumbuka hata moja iliyosema jambo kubwa kama hilo.

Kwa wenzangu wenye hali kama yangu, nina machache ya kuwaambia. Mkila nje, msiulize kama kuna unga. Uliza ngano kwa jina lake. Uliza samaki amepakwa nini, mchuzi umezitishwa kwa nini, na kama chipsi zimekaangwa katika mafuta ya sambusa. Ikiwezekana uliza mapema, mchana, mpishi akiwa na nafasi. Mchuzi wa soya una ngano mara nyingi, na mvuje wa dukani pia kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano. Na kama sahani imekwisha kufika na moyo wako una shaka, usile. Aibu ya mezani huisha kabla bili haijaletwa.

Na kwa wale wanaowapenda watu wa namna yetu: msihuzunike tunapokataa. Tunapokwambia "hiki siwezi", hatujaikataa zawadi yako. Tunakuonyesha mlango wa kuingilia.

Mama mkwe wangu siku hizi hunipikia mkate wa kumimina, kwa mchele aliousaga mwenyewe, katika sufuria ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Ule ukimya wa sahani iliyofunikwa ulikwisha siku mwanawe alipomweleza kisa cha samaki. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ungesema." Naam. Ningesema.