Gari Lilipokosa Pumzi Njia ya Kondoa

Safari ya wikiendi kwenda kuona michoro ya Kolo, gari la dizeli linalozima kila baada ya nusu saa, na swali moja tulilokuwa tukilikwepa

Kuna ugomvi wa chumbani na kuna ugomvi wa kando ya barabara. Huu wa pili ni mbaya zaidi, maana hakuna mlango wa kubamiza.

Nililijua hilo Jumamosi moja, mbele kidogo ya Mayamaya, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Kondoa. Boneti juu, mume wangu kainamia injini, mimi nimesimama chini ya mbuyu, nimenuna.

Nianze mwanzo. Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Ofisi yao ilipohamia Dodoma, naye akahama. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu. Usafiri si shida sana siku hizi: Ijumaa napanda ile treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, nasinzia kidogo, nimefika. Lakini ndoa ya wikiendi ina mambo yake. Aliwahi kuniuliza, "Utahamia lini?" Nikamjibu tutaongea. Tangu hapo kila Ijumaa tunasema tutaongea kesho, na Jumapili mchana niko stesheni.

Kolo lilikuwa wazo langu. Twende mbali, tuangalie michoro ya miambani, tuongee.

Linawaka, linakwenda, linazima

Gari letu ni jipu kuukuu la dizeli, tulilonunua kwa akiba yetu wote. Sikulitaka, na yeye anajua. Lilikaa uani miezi mitatu bila kuguswa, kisha akawa analitumia kwenda ofisini, dakika kumi kwenda, kumi kurudi. Halikuwahi kuzingua. Siku ya safari tukajaza tenki hadi mdomoni.

Hadi Makutupora ilikuwa raha tupu. Kaubaridi ka asubuhi, mashamba ya mizabibu, lami safi. Barabara hii ni kipande cha ile njia kuu ya Cape Town hadi Cairo, na lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Nikaanza hata kuimba.

Ghafla ukikanyaga mafuta gari halijibu. Likadhoofika, likakohoa mara mbili, kimya. Tukasubiri dakika kumi, likawaka kama halijafanya kosa lolote. Mbele tena, kimya.

Mume wangu akabadilisha filta ya dizeli, alikuwa na ya akiba. Akapiga pampu ya mkono kutoa upepo, likawaka, akanitazama kama mshindi. Nusu saa baadaye, kimya.

"Fundi alisema pampu kubwa inakufa," akasema.

"Fundi gani? Yule uliyempa hela zangu?"

Jamani! Kutoka kwenye pampu tukaenda kwenye hela, kutoka kwenye hela tukafika Dar. Akasema mimi ningekuwa na nia ningeshahama. Nikasema yeye hajawahi kuniuliza kwa nini sihami, anauliza lini tu. Tukanyamaza.

Mzee wa mashine ya kusaga

Akaja mzee mmoja na baiskeli. Tukamwamkia, akaitikia, akaegemeza baiskeli kwenye mbuyu. Kumbe ana mashine ya kusaga nafaka ya dizeli kijijini, kaiendesha miaka mingi. Hakushika spana. Alianza na maswali.

"Wanangu, likizima, ni ghafla au linadhoofika kwanza?"

"Linadhoofika, mzee."

"Mkisubiri linawaka?"

"Linawaka."

"Basi pampu haijafa. Kilichokufa hakifufuki baada ya dakika kumi."

Akabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta. Ikazama, ikabaki imezama. "Mnaona? Hairudi juu. Kuna kitu kinavuta kutoka nyuma." Akaenda kwenye tenki, akalegeza mfuniko. Fyuuuu! Tenki likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Pampu ikarudi juu yenyewe.

Dizeli ikitoka kwenye tenki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kuna kibomba kidogo cha kupumulia kwa kazi hiyo. Cha kwetu kilikuwa kimezibwa na udongo mkavu: nyigu walijenga nyumba yao humo wakati gari limelala uani. Kilibaki kitobo cha kupitisha hewa kidogo sana. Kwa mwendo wa ofisini hewa hiyo ilitosha. Kwa safari ndefu, tena tenki limejaa na nafasi ya hewa ni finyu, mvuto ukawa unaongezeka hadi injini inakosa mafuta huku tenki limejaa. Tukisubiri, hewa inapenya polepole, linawaka tena.

Mzee akazibua kwa waya, dakika tano. Alikataa hela, akakubali soda.

Mwambani

Kondoa mjini tulipita bila kusimama. Kolo iko mbele yake. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale, unapewa mwongozaji, kisha barabara ya vumbi na kupanda kwa miguu. Michoro hii iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951. Wengi wanaihusisha ile myekundu na mababu wa Wasandawe, na wenyeji bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya miamba.

Kuna mchoro mmoja wa watu wembamba, warefu. Wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Wapo wanaosema anatekwa, wapo wanaosema ni ngoma. Nilimtazama sana yule wa katikati.

Tuliketi kivulini. Safari hii hakuuliza lini. Akauliza, "Unaogopa nini?" Nikamwambia: naogopa kufika Dodoma nikawa mke wa fulani tu, bila kazi, bila marafiki wangu. Akashangaa. Miezi yote alidhani nimemchoka yeye.

Hatukumaliza kila kitu. Tulikubaliana niombe ofisini nifanye kazi nikiwa Dodoma wiki moja kila mwezi, halafu tuone. Tuliporudi, gari halikukohoa hata mara moja.

Kabla hujanunua pampu mpya

• Dizeli ikidhoofika kisha ikazima, na baada ya kupumzika ikawaka, anza kukagua njia ya mafuta.
• Fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia mvuto mkubwa na gari likapona, kagua kibomba cha kupumulia.
• Pampu ya mkono ikizama isirudi, kuna kizuizi upande wa tenki. Ikiwa laini na haikazi hata ukipiga sana, tafuta mahali panapoingiza hewa.
• Beba filta ya akiba, waya, maji ya kunywa, na uvumilivu wa watu wawili.