Joto la Karakana Yangu, Marangu

Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba fundi seremala wa Tanzania anahangaika kupasha moto karakana, hucheka kwanza. Mteja wangu mmoja wa huko aliniuliza, "Mangi, kwani humo ndani unafuga barafu?" Aje Julai. Mjini Moshi, mita 800 na ushee juu ya bahari, utakuta watu wanatafuta kivuli. Huku kwetu Marangu, kwenye mita 1,400 hivi, wingu limekalia migomba tangu alfajiri na bati linadondosha maji. Karakana yangu ni gereji ya nyumbani, ilijengwa kwa ajili ya gari ambalo mpaka leo halijanunuliwa.

Baridi ingekuwa ya mikono tu ningevumilia. Shida ni gundi. Gundi nyingi nyeupe za mbao hazitaki ubaridi wa chini ya nyuzi 10 hivi. Zikipata ubaridi huo hukauka zikawa kama chokaa, na kiungo huachia hata kama ulikibana usiku kucha.

Dawa yetu ilikuwa jiko la mkaa katikati ya chumba, mlango umefungwa, kama alivyofanya fundi aliyenifundisha. Kijana wangu wa kazi alikuwa akilalamika kichwa kila mchana, na sote tukilaumu thina. Dada yangu ni muuguzi. Alipopita kunisalimia aliufungua mlango kabla hata ya salamu. "Kaka, huyu mtoto anakosa hewa." Akanieleza kwamba mkaa ukiwaka chumbani hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Thina utainusa utoke nje. Hii huinusi.

Basi jiko linataka dirisha wazi na baridi inataka dirisha lifungwe. Ukifungua, unawapashia joto kuku wa jirani. Mkaa nikauacha.

Nilivutiwa na jiko la maranda, maana maranda ninayo bure: unayashindilia kwenye kopo kuzunguka chupa, unaichomoa chupa, unawasha kwa chini, moto unakaa saa nyingi. Lakini linafuka, linataka bomba la kutoa moshi nje, na cheche zake hazifai kulala chumba kimoja na vumbi la mbao, vanishi na thina. Hita ya gesi nayo wengi hawajui kwamba inamwaga maji: kilo moja ya gesi ikiungua huzaa mvuke wa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na isipokuwa na bomba la kuutoa nje, mvuke huo huingia kwenye mbao, mbao ikavimba, droo ikagoma kufunguka. Ya umeme ni safi, ila ya wati 2,000 ikiwaka saa nne kwa siku inakula uniti 8. Siku kumi tu, na umeshazipita zile uniti 75 za mwezi za mtumiaji mdogo.

Nikaanza kufikiria nyumba za msonge za Wachaga wa zamani. Ziliezekwa majani mpaka karibu na ardhi, watu na mifugo humo humo, na moto mdogo. Moshi waliula, sikatai. Lakini joto lao halikukimbia. Mimi nilikuwa nalitengeneza joto kwa pesa kisha nalirusha juu kupitia bati.

Nikapiga dari ya plaiwudi, na juu yake nikamwaga pumba za mpunga kutoka mashamba ya umwagiliaji ya Chekereni, kule tambarare. Pumba hazigharimu sana zaidi ya usafiri; zina silika nyingi, kwa hiyo haziozi upesi. Nyufa za ukuta nikaziziba, na mbele ya meza ya kazi nikatandika jukwaa la mabanzi, kwa sababu sakafu ya saruji inanyonya joto la miguu. Gundi na fremu ndogo hulala kwenye sanduku la plaiwudi lenye balbu ya kizamani ya wati 60, kama lile la kulelea vifaranga. Balbu imeachiwa nafasi isiguse kitu. Saa kumi za balbu hiyo hazifiki hata uniti moja. Makabati makubwa tunayaunga mchana, vanishi tunapaka nje jua likitoka.

Sidai kwamba tumehamia Tanga. Asubuhi bado tunavaa sweta, na tukiwasha msumeno dirisha hufunguliwa ili vumbi litoke. Ila gundi inashika, na kijana halalamiki kichwa tena.

Mafundi wenzangu wa Kibosho, Machame na Rombo, kabla ya kununua gunia la mkaa la Juni, tazameni juu: kama mnaona bati tupu, hizo pesa anzeni kuzipeleka kwenye dari. Na kama ni lazima mkaa uwake, uwake nje.