Kozi Mbili za Tofali

Nilichora jengo la maduka Nateete, Kampala, upande wa bondeni wa Barabara ya Masaka, nikaweka sakafu milimita 150 tu juu ya ardhi. Msimu wa pili wa mvua maji yakaingia. Mwenye jengo nilimwambia kosa ni la mvua na la watu wanaotupa buveera, mifuko ya plastiki, mferejini. Nilimdanganya. Nilikuwa nimeonywa kabla msingi haujapanda.

Siku ile wanawake saitini tulikuwa wawili: mimi na michoro yangu, na mama mmoja aliyebeba madumu ya maji ya zege. Kiswahili chake kilikuwa cha Arua. Alinionyesha ukuta wa nyumba ya jirani, mstari wa tope lililokauka, usawa wa magoti yake. "Madamu, maji inafika hapa. Mimi napanga hapo nyuma, naona."

Nikamjibu, "Sawa mama, endelea na kazi."

Sikumjibu hivyo kwa kukosa muda. Fundi mkuu na vijana wa nondo walikuwa wanatutazama. Miaka mingi nilikuwa nimeshindana na wageni wa saiti wanaoniuliza injinia yuko wapi ilhali nimesimama mbele yao, na madereva wa kokoto wanaonituma chai. Kumsikiliza mchota maji, kisha nibadilishe levo kwa neno lake, niliona kungenirudisha kule nilikotoka jasho kutoka. Niliogopa kuhesabiwa pamoja naye. Nateete naijua, mvua ikinyesha vilimani, maji hulitafuta bonde la Nalukolongo. Nilichokosa si elimu.

Kozi mbili za tofali na malori machache ya moramu yangetosha. Badala yake, fundi cherehani wa duka la kona alianika vitambaa vya wateja vyenye madoa ya tope, na muuza nafaka akatupa magunia ya unga. Hawa hawakunichagua mimi, walipanga tu chumba.

Nilinyamaza miaka. Msanifu Doreen Adengo alipofariki mwaka 2022, nilisoma yaliyoandikwa juu yake: ofisi aliyoifungua Kampala mwaka 2015, wanafunzi aliowafundisha chuoni Nkozi, mbele kwenye barabara hiihii ya Masaka, na alivyowashirikisha wakaaji wa mahali kabla ya kuchora. Sikuweza kumaliza kusoma. Tulimtaja kwa fahari, sisi wasanifu wanawake wa mji huu, na mimi nilikuwa nimemfukuza kwa maneno matano mwanamke aliyekuja kunisaidia kazi.

Mwezi uliopita nilimwendea mwenye jengo nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hakuelezwa wakati bado ana pesa za kunyanyua sakafu. Sikuwa na jibu. Milangoni wapangaji wamejenga vizingiti vya tofali, na wateja, hata wazee, huvivuka kwa kushika fremu.

Yule mama nimemtafuta. Vyumba vya nyuma vimebomolewa. Fundi mkuu alinifungulia daftari lake la malipo. Siku zake zote zimo, na shilingi zake zimo. Kwenye safu ya majina ameandikwa "mama maji". Nami sikuwahi kumuuliza jina.